Kiporo cha Picha

Hapana nyumba isiyojua kiporo. Githeri iliyolala sufuriani hupashwa moto asubuhi, hutiwa kitunguu na mafuta kidogo, na mtoto aendaye shule hula akashiba. Hakuna aibu katika jambo hilo, na wako watu wasemao kuwa githeri ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Lakini mpishi mmoja hukileta kiporo mezani akasema waziwazi, "Hiki ni cha jana". Mwingine hukifunika kwa mchuzi mpya akakiita chakula cha leo. Napenda kukusimulia, msomaji kijana, habari za kiporo kisicholiwa kwa mdomo bali kwa macho. Watengenezaji wa filamu na televisheni wamekipika kwa miaka mingi, na mara moja, katika nchi ya Japani, kupashwa moto kwake kulileta maumivu badala ya shibe.

Huenda umekwisha kukiona bila ya kukijua. Mfululizo wa katuni unaoupenda unaendelea wiki baada ya wiki. Kisha siku moja mashujaa wako hawaendi vitani wala safarini. Wamekaa tu, pengine wamefungiwa pangoni, pengine wameuzunguka moto, na mmoja wao asema, "Mwaikumbuka siku ile?" Mara picha yafifia, nawe waonyeshwa tena vita ulivyoviona mwezi uliopita. Vikiisha, mwingine naye akumbuka lake. Dakika zote zapita hivyo, na mwishowe hapana jambo jipya lililotendeka ila maneno machache ya kuunga kipande na kipande. Wajapani, ambao huitumia sana sehemu ya namna hiyo, wana jina lake maalumu lenye maana ya mkusanyo. Sisi tuiite kiporo.

Sababu yake ya kwanza ni fedha, na ya pili ni wakati. Filamu hupita mbele ya macho kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Mchoraji wa katuni hujipunguzia kazi kwa kuiacha kila picha ionekane mara mbili, na hata hivyo zamhitaji picha 12 kwa sekunde moja. Katuni ya dakika 22 ina sekunde 1,320. Zidisha kwa 12, nawe utapata picha 15,840. Makampuni ya televisheni yalibuni hila nyingi za kuipunguza hesabu hiyo. Mwili ulisimama tuli na mdomo peke yake ukachezacheza. Mti mmoja na nyumba moja zilipita nyuma ya mkimbiaji mara kumi, kana kwamba dunia nzima ina mti mmoja na nyumba moja. Lakini hila inayozishinda zote ni kutochora kabisa, bali kufungua ghala na kuzitoa picha zilizokwisha kulipiwa.

Si wachoraji peke yao waliofanya hivyo. Mwaka 1989 mfululizo mashuhuri wa Marekani, Star Trek: The Next Generation, ulimaliza msimu wake wa pili kwa kiporo, kwa kuwa fedha zilikuwa zimetumika katika sehemu zilizotangulia. Afisa mmoja wa chombo alilazwa mgonjwa, na ili aponywe ilibidi akili yake ipitishwe katika kumbukumbu zake zote. Kwa hiyo watazamaji nao wakapitishwa humo. Wapenzi wa mfululizo huo aghalabu huitaja sehemu hiyo miongoni mwa zilizo mbaya kabisa, nami sioni kwamba wanaionea.

Katuni zilizozaliwa na michezo ya video zina uhusiano wa karibu zaidi na kiporo, maana zenyewe ni chakula kilichopikwa mara ya pili. Mwaka 1980 kulitoka Japani mchezo uitwao Pac-Man. Ndani yake mlikuwa na duara la manjano lenye mdomo, likila nukta na kukimbia mizimwi. Hapakuwa na kisa kingine. Mwaka 1982 kampuni ya Hanna-Barbera ya Marekani ililichukua duara hilo ikalipa nyumba, mke, mtoto, mbwa na paka, ikalitia katika televisheni ya ABC. Hiyo ilikuwa katuni ya kwanza ya televisheni kutokana na mchezo wa video. Mwaka uliofuata shirika la CBS nalo likatoa mfululizo wake, ukiwa na wanyama na watu wa michezo kadhaa katika kapu moja.

Kisha ukaja mwaka 1985, mwaka ambao mwanafunzi wa Ruiru anaweza kuukumbuka kwa mambo mawili yasiyofanana. Nchini Japani ulitoka mchezo wa Super Mario Bros., ambao ulimfanya fundi bomba mwenye sharubu ajulikane dunia nzima. Na hapa Ruiru, kituo cha utafiti wa kahawa kilitoa mbuni mpya ulioitwa kwa jina la mji huu, Ruiru 11. Sikuyaweka mawili haya pamoja kwa mzaha. Wataalamu wa Ruiru hawakuuumba mbuni wao kutoka mavumbini. Walizichukua aina zilizokuwako, nyingine zenye ladha nzuri kikombeni kama vile SL28, nyingine zenye kustahimili chulebuni, ule ugonjwa uozeshao tunda likiwa bado bichi, na kutu ya majani, wakazizalisha pamoja kwa miaka mingi. Na aghalabu mbegu zake hupatikana kwa kuyachavusha maua kwa mkono wa mtu. Kila kilichomo katika mbuni huo ni cha zamani, na mbuni wenyewe ni mpya. Kutumia cha jana, basi, si lazima kuwe uvivu. Yafaa kuuliza kama vile vya zamani, vilipounganishwa, vilipata uhai ambao havikuwa nao.

Nakuomba uchukue swali hilo hadi Marekani, kwa fundi bomba. Tarehe 4 Septemba 1989 ulianza kuonyeshwa mfululizo uitwao The Super Mario Bros. Super Show!. Kila siku katuni ilifungwa katikati ya maigizo ya watu hai: Mario aliigizwa na Lou Albano, mtu wa mieleka, na nduguye Luigi na Danny Wells, na wote wawili walifanya vichekesho katika karakana yao. Watoto waliupenda. Lakini mwaka 1990 wenye mfululizo waliyatoa maigizo yale na kutia mengine, yakaitwa Club Mario. Sasa badala ya Mario mwenyewe walitokea vijana wawili waliodai kuwa wameyateka mawimbi ya matangazo, nao wakapiga porojo kabla ya katuni na baada yake. Katuni zilikuwa zile zile za mwaka uliotangulia. Sinia tu ndiyo iliyobadilishwa, na wali ukabaki wa jana. Sinia hiyo haikudumu; baadaye maigizo ya Albano na Wells yalirudishwa. Katika mji wa Los Angeles, wakati ule ule, walikwenda mbali zaidi: mtu aliyevaa kama Koopa, adui wa Mario, alikaa mbele ya watoto akawaonyesha katuni kongwe ambazo hazikuhusu mchezo wowote wa video. Jina la mchezo lilikuwa mlangoni, na ndani ya nyumba hamkuwa na mchezo.

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha, na hapana aliyedhurika. Habari za Digimon ni za namna nyingine kidogo. Digimon alianza mwaka 1997 kama mnyama wa kufugwa ndani ya kijitambo kidogo cha kidijitali, akaingia katika katuni ya televisheni mwaka 1999. Katika mwaka huo na ule uliofuata Wajapani walitoa filamu tatu za Digimon, kila moja ikiwa na kisa chake. Mbili za kwanza ziliongozwa na Mamoru Hosoda, ambaye baadaye alipata kuwa miongoni mwa waongozaji mashuhuri wa katuni. Kwa jumla zilikuwa za saa mbili na zaidi. Mwezi Oktoba 2000 filamu hizo zilitolewa Marekani zikiwa filamu moja. Mkasi ulipita, zaidi ya nusu saa ikaanguka sakafuni, na sauti ya msichana mmoja ikawekwa juu ya yote ili isimulie kana kwamba matukio matatu yalikuwa kisa kimoja tangu mwanzo. Maneno yalitiwa katika vinywa vya watu ambao hawakuyasema, ili ubaya wa filamu ya kwanza uonekane kuwa chanzo cha ubaya wa filamu ya tatu. Watoto wengi waliotazama hawakujua kwamba wamelishwa vyakula vitatu katika bakuli moja. Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, msomaji. Picha hazikudanganya, kila moja ilikuwa picha ya kweli ya filamu yake. Aliyebadilisha maana ni aliyeshika mkasi, na baada yake aliyeshika kipaza sauti.

Usidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Waingereza walianza jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Mmoja wa viongozi wake, Meja Notcutt, alikuwa amepata kuwa meneja wa mashamba ya mkonge hapa Afrika Mashariki, na tangu hapo aliona kuwa sinema yaweza kuwatuliza wafanyakazi. Hadi jaribio lilipokwisha mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Picha zao hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilitoka katika santuri iliyopigwa kando, na kila lugha ilitakiwa kuwa na santuri yake. Lori la sinema lilizunguka kutoka Tanganyika hadi Kenya na Uganda, na hata Rodeshia ya Kaskazini na Nyasa, likiwa limebeba picha zile zile na maneno mbalimbali. Kwa hiyo mtu aliyekaa chini ya kitambaa cheupe usiku alikuwa akipokea vitu viwili vilivyotoka mahali pawili, na kuviona kuwa kitu kimoja.

Wajukuu wa santuri hizo wapo nasi, ila sasa sauti haitoki kwa meneja wa shamba. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, ambaye kwa Kiswahili chake alizisimulia filamu za Wahindi, Wachina na Wamarekani hata watu wakazitafuta kanda kwa jina lake yeye, si la mwigizaji. Uganda ina wasimulizi wake wanaoitwa VJ. Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda vya video vya mitaa mingi. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukapita Githurai na Kahawa, ukafika Ruiru, mahali ambapo mashamba ya kahawa yamekuwa yakigeuka kuwa nyumba za kupanga, huwezi kukosa kuona vibanda hivyo, na jirani yao vile ambamo watoto hulipia zamu ya mchezo wa PlayStation. Si vibaya kukumbuka, tukiwa njiani, kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Nairobi ilipata umeme wake wa nguvu ya maji kutoka mto huu huu wa Ruiru.

Mimi nawaheshimu wasimulizi hao kuliko walioiunga Digimon. Msimulizi wa kibanda hamfichi mtu. Kila aliyeketi benchini ajua kwamba Mchina yule hasemi Kiswahili, wala hamwiti adui yake kwa majina ya mitaa ya Nairobi. Kiporo kimeletwa kikiitwa kiporo, na watu wamekifuata kwa sababu ya mkono wa mpishi.

Neno hili si dogo kama linavyoonekana, na wewe usomaye historia lakupasa kulishika zaidi ya mwingine. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hadi 1960, wapiga picha wa habari wa Uingereza walizipeleka kwao picha za Kenya. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya watu wa Nairobi, wengi wao wenyeji wa Kiambu, Murang'a na Nyeri, walikusanywa wakachungwa na askari. Mtazamaji wa London aliambiwa kuwa anaona usalama ukirudishwa. Baada ya miaka mingi picha za wakati ule zilitolewa tena ghalani. Mwezi Novemba 2002 shirika la BBC lilitoa filamu juu ya mateso yaliyofanywa na utawala wa Waingereza, na sauti iliyozifuata picha za kale ilikuwa nyingine kabisa. Mtu aliyesimama mikono juu mwaka 1954 hakusogeza hata kidole. Mwaka 1954 aliitwa mshukiwa, na mwaka 2002 aliitwa aliyedhulumiwa. Na yeye mwenyewe hakupewa kipaza sauti mara ya kwanza.

Sasa turudi katika katuni, kwa maana nimekuahidi habari za Japani, nazo ndizo zilizonifanya niandike.

Pokémon ulikuwa mchezo wa Nintendo uliotoka mwaka 1996, na katuni yake ilianza mwaka 1997 katika kituo cha TV Tokyo. Mashujaa wake ni kijana Satoshi, ambaye nje ya Japani anaitwa Ash, na kipenzi chake Pikachu, mnyama wa manjano atoaye umeme. Jumanne tarehe 16 Desemba 1997, saa kumi na mbili unusu jioni, ilionyeshwa sehemu ya 38. Katika kisa hicho mashujaa waliingia ndani ya mtambo wa kompyuta ili kutafuta hitilafu, wakiongozwa na kiumbe wa kidijitali aitwaye Porygon. Yakarushwa makombora ya kuua virusi, yakiwadhania kuwa ndio virusi. Pikachu akayapiga kwa umeme, na mlipuko ukaonyeshwa kwa rangi nyekundu na buluu zikipokezana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache.

Sekunde hizo zilitosha. Katika nyumba nyingi za Japani watoto walishikwa na kizunguzungu, kutapika, giza la macho, na wengine wakaanguka kwa degedege. Watu 685, karibu wote watoto, walipelekwa hospitalini kwa magari ya wagonjwa. Hapana aliyekufa. Wengi walipata nafuu upesi, baadhi walilazwa. Wengi miongoni mwa walioanguka hawakuwa wamepata kifafa maishani mwao. Ubongo wao ulikuwa na wepesi wa kushtushwa na mwanga unaopigapiga, na hawakuwa wamekutana na mwanga wa namna hiyo, kwa nguvu hiyo, na nyuso zao zikiwa karibu hivyo na kioo.

Kilichofuata usiku ule ndicho ambacho kila mshika mkasi angepaswa kukijua. Vituo vya televisheni vilisoma habari za ajali hiyo, na ili watazamaji waelewe vizuri, vikaonyesha kipande chenyewe. Watoto wengine wakaanguka. Mwenye kukirudia kipande hakuwa na nia mbaya. Alidhani kuwa picha iliyokwisha kuonyeshwa imekwisha nguvu, kwamba sasa ni habari tu ya jambo lililopita. Lakini macho hayajui jana na leo. Mwanga uliopita mbele yake saa kumi na mbili unusu na mwanga uliopita usiku ni mwanga mmoja.

Nayo maneno yalikuwa na nguvu yake. Siku zilizofuata shule ziliwauliza wanafunzi, magazeti yakaandika, na idadi ya waliosema kuwa walidhurika ikapanda hadi kufikia 12,000 hivi. Mwaka 2001 watafiti wawili, Radford na Bartholomew, walitoa hoja kwamba wengi katika hao hawakupata kifafa cha mwanga, bali walishikwa na hofu iliyoenea kwa kusimuliwa. Hawakusema kuwa watoto walijifanya wagonjwa. Kichwa kinauma kweli kwa mtu aliyeogopa.

Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne. Hisa za Nintendo zilianguka, maduka yakaziondoa kanda, na watoto wakabaki hawajui kama watamwona tena Pikachu. Ndipo tarehe 11 Aprili 1998 kikatolewa kipindi ambacho nadhani ndicho cha ajabu kuliko vyote katika historia ya katuni zilizotokana na michezo ya video. Katika kipindi hicho hapakuwa na vita wala safari. Mtangazaji, Miyuki Yadama, aliwaeleza watazamaji yaliyotokea, na jinsi vipindi vitakavyotengenezwa na kutangazwa tangu siku hiyo, pamoja na maonyo yatakayoandikwa mwanzo wa kila katuni. Kisha alionyesha barua na michoro iliyopelekwa na watazamaji. Wengi wa walioandika hawakulalamika. Waliogopa kwamba katuni yao itafutwa.

Hicho nacho kilikuwa kiporo, kwa kuwa kilihusu mambo yaliyokwisha kuonekana. Lakini tazama tofauti yake. Mpishi alisimama mbele ya meza akataja chakula kilichowaumiza watu, akaeleza jinsi kilivyopikwa, na akaonyesha walichokisema walaji. Katika vipindi vyote nilivyovitaja hapo juu, hakuna kingine ambacho watoto walipewa nafasi ya kuonekana kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Mimi si mtu wa kuyasifu makampuni upesi, na ni wazi kuwa fedha nyingi zilikuwa zikingoja katuni irudi. Hata hivyo kazi ilifanywa.

Mwezi huo huo shirika la NHK na umoja wa vituo binafsi vya Japani walitoa kanuni kwamba mwanga unaomweka usizidi mara tatu kwa sekunde, na kwamba wekundu uangaliwe zaidi kuliko rangi nyingine. Uingereza ilikuwa imekwisha kuweka kanuni za namna hiyo baada ya tangazo moja la biashara kuwaangusha watu mwaka 1993. Hata picha za ufunguzi wa Pokémon zilipangwa upya: pale ambapo viumbe walikuwa wakimulikwa mmoja mmoja wakijaza kioo, waliwekwa wanne wanne. Alhamisi tarehe 16 Aprili 1998 mfululizo ukarudi. Tangu hapo katuni nyingi za Japani hutanguliwa na maneno ya kumwambia mtoto atazame katika chumba chenye mwanga, na akae mbali na kioo.

Maneno hayo yanafaa Ruiru kama yanavyofaa Tokyo. Kibanda cha mabati kilichofungwa madirisha, kioo kikubwa, watoto sita wamebanana hatua moja mbele yake: hayo ndiyo mazingira ambayo madaktari wa Japani walishauri yaepukwe. Ukiona mwanga unapigapiga na kichwa kinaanza kukuzunguka, funika jicho moja barabara kwa kiganja na ugeuze uso. Kufumba yote mawili huenda kusisaidie, kwa sababu mwanga hupenya kope. Na mwenzako akianguka, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Ondoa vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu, kaa naye. Degedege ikizidi dakika tano, tafuta msaada wa hospitali. Bado wako kwetu watu wanaomkimbia mwenye kifafa wakidhani kuwa povu lake laambukiza, au kwamba amerogwa. Kifafa hakiambukizi, na watu wengi wenye kifafa wala hawadhuriki na mwanga. Wao waweza kutazama katuni kama mtu mwingine yeyote. Katika Japani ya 1997 hapana aliyesema kuwa watoto 685 walirogwa. Walitafuta sekunde zilizowaangusha, wakazihesabu picha moja moja.

Imebaki habari ya Porygon. Ukikumbuka kisa, yeye alikuwa mbebaji na kiongozi wa njia. Umeme ulitoka kwa Pikachu. Lakini sehemu ile ilijulikana kwa jina la Porygon, na jina likamwandama. Pikachu aliendelea, akawa miongoni mwa nyuso zinazojulikana sana duniani, akachorwa kwenye mabegi ya shule na hata kwenye ndege za abiria. Sehemu ya 38 haikuonyeshwa tena Japani wala haikupelekwa katika nchi nyingine, na Porygon, pamoja na viumbe wawili anaogeuka kuwa wao, hajapewa tena nafasi ya maana katika mfululizo huo. Mwezi Septemba 2020 ukurasa rasmi wa Pokémon uliandika kwamba Porygon hakufanya kosa lolote. Ilikuwa imepita miaka 22 na miezi tisa.